Taa ya Kulanti Inapodanganya

Taa ya kulanti ikiwaka kwenye dashibodi, huhesabiwa kuwa inasema kweli hadi ithibitike vinginevyo. Gari husimamishwa, injini huzimwa, na kifuniko cha rejeta hakiguswi mpaka kipoe. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya injini huzuiwa kuchemka na mgandamizo, na ndio unaomrukia usoni mwenye pupa.

Taa zenyewe ni mbili: ya joto na ya kiwango. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa temprecha: zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini iliyochemsha. Nyekundu hiyo si ya kubishana nayo. Yenye uongo mwingi ni ile ya kiwango, kwa magari yenye sensa kwenye tanki la akiba.

Injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, kulanti hutazamwa kwenye alama za tanki. Ikiwa ipo na haipungui siku zinazofuata, kosa ni la sensa au waya. Ikipungua bila tone kuonekana chini, gasketi ya silinda hedi ishukiwe; taa haina kosa.

Sensa nyingine ina boya lenye sumaku, ambalo likinasa kwa tope huachia tanki likigongwa taratibu. Nyingine ina vijiti viwili vya chuma, hupima umeme unaopita kwenye kulanti, na hiyo ndiyo inayoteseka na maji ya kisima chenye chumvichumvi. Huacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika, vijiti vikafunikwa, taa ikawaka tanki likiwa limejaa. Dereva akiongeza maji ya dumu kila inapowaka, anazidisha ugonjwa. Maji ya betri matupu, yale yasiyo asidi, nayo hayafai: karibu hayapitishi umeme. Dawa ni kusafisha mfumo na kujaza kulanti iliyochanganywa kwa kipimo.

Barabara za vumbi za machimboni Geita hulegeza soketi na kukata waya. Fundi umeme huchomoa soketi na kupima sensa ya boya kwa mita, boya likiwa juu, kisha chini. Kipimo kikibadilika, sensa ni nzima na waya ndio ufuatwe. Kisipobadilika, sensa ibadilishwe. Kukata waya ili taa izime si matengenezo, ingawa hufanywa. Kwa baadhi ya magari sensa huuzwa pamoja na tanki lake, kwa hiyo la mtumba hupimwa hivyo hivyo kabla ya kulipiwa.