Mguu Mapajani mwa Somo

Unguja mtu hana haja ya kukuuliza kazi yako, hukutazama visigino. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani, anayeshinda majini bamvua la maji kupwa, miguu peku juu ya mchanga na miamba, nyayo zake huwa ngumu, zimechanika nyufa. Nyufa hizo ndizo magaga. Kilimo cha mwani kilishika kasi pwani hiyo kuanzia 1989, lakini magaga ni ya zamani kuliko mwani. Wala si aibu, kwani ni alama ya riziki. Aibu ni kuingia nayo harusini.

Kwa bibi yangu kazi ya kuyasugua ilikuwa baada ya alasiri. Huletwa beseni la maji ya uvuguvugu, kigoda, kanga kuukuu, kipande cha kumbi la nazi na jiwe jepesi lenye vitundu. Jiwe hilo huelea, maana ni povu la volkano lililoganda. Krakatau ilipolipuka huko Indonesia mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalivuka Bahari ya Hindi yakielea hadi pwani ya Afrika Mashariki. Bibi hakuwa na habari ya Krakatau. Kwake jiwe zuri lilikuwa lile linalokataa kuzama.

Miguu hulowekwa kama robo saa, ngozi ilainike. Kisha kisigino husuguliwa kwa mkono mwepesi mpaka ngozi mfu itoke. Ukiona wekundu, umepita kiasi. Wembe ni mwiko: ukiteleza unaacha jeraha, na mwenye kisukari, ambaye pengine hasikii hata maumivu, anaweza kuambulia donda lisilopona. Baada ya hapo miguu hukaushwa, hasa baina ya vidole, na nyayo hupakwa mafuta ya nazi. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Usipoipaka, hukauka na kupasuka upya.

Yote hayo mtu aweza kujifanyia. Lakini harusi ikikaribia, mwari hajisugui. Husuguliwa na somo, ambaye wengine humwita kungwi. Kwa siku kadhaa mwari hukaa ndani akisingwa kwa singo: asumini, langilangi, mawaridi, mrehani na liwa, vikatwangwa na kulainishwa kwa marashi. Singo ikianza kukauka hufikichwa, ikadondoka na taka zake. Viwiko, magoti na visigino hurudiwa.

Kisha ndipo hina. Hina hukolea sana penye ngozi nene kama ya unyayo, lakini ukiipaka juu ya magaga hushika ngozi iliyokwisha kufa, ikabanduka nayo kabla fungate haijaisha. Kwa hiyo singo hutangulia, hina ikafuata.

Nakumbuka harusi ya dada yangu. Somo alikaa kwenye kigoda, dada kitandani, mguu wake umelala juu ya kanga mapajani mwa somo. Jiwe lilikwenda na maneno yalikwenda: habari za mume, za mavyaa, za siri za chumbani. Likafika jambo lililomtia haya, dada akauvuta mguu. Somo akakishika kifundo, akakikaza.

"Tulia, mwanangu."

Akafika kwenye dole gumba, akaligonga kwa jiwe taratibu. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Hapo nikafahamu kwa nini mafunzo hungojea miguu. Aliyeshikwa mguu hana pa kukimbilia. Na anayemfunza yuko chini yake, ameinama anamtumikia, kwa hiyo hata neno kali halimchomi.

Siku hizi saluni za mjini zina viti vya kuegemea na mashine za kusugulia, na bibi harusi hupitisha saa nzima akiangalia simu. Visigino hutoka laini vilevile. Maneno ya somo ndiyo hayapatikani hapo.

Bibi alipozeeka hakuweza tena kuinama akafikia visigino vyake. Zamu ikawa yangu. Nilikaa mimi kwenye kigoda, mguu wake mapajani mwangu, jiwe mkononi, nikidhani sasa msemaji ni mimi. Bibi akaendelea kusema yeye, na kwa uzito wa mguu ule mapajani, asiye na pa kukimbilia nilikuwa mimi.