Je, Wajua? Msanifu Majengo Akivuka Mpaka

Je, wajua kwamba mwaka 2012, mnara wa The Shard ukiwa umeshafika mita 310 juu ya jiji la London, jarida moja la Uingereza liliambiwa liache kumwita aliyeubuni “msanifu majengo”? Ndiyo, Renzo Piano huyohuyo! Ana leseni ya kwao Italia na Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo ya mwaka 1998, lakini jina lake halikuwamo katika daftari la bodi ya usajili ya Uingereza. Msanifu mwenzake, Daniel Libeskind, naye alikumbwa na agizo hilohilo.

Subiri, bado. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 inayolinda cheo hicho imewaachia mlango watu wachache: msanifu wa meli, msanifu wa mandhari na msanifu wa viwanja vya gofu. Hao hujiita hivyo bila kusajiliwa. Gofu, ndugu yangu, imetajwa ndani ya sheria!

Haya, kisia: Marekani ina mamlaka ngapi za kutoa leseni ya usanifu majengo? 55! Majimbo yote 50, Washington D.C., Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini, kila moja na leseni yake. Illinois ilitangulia mwaka 1897. Mwenye leseni ya New York hawezi kupiga muhuri michoro ya ghorofa la Texas mpaka Texas nayo imkubali.

Unadhani leseni hiyo ya kwanza huja upesi? Saa 3,740 za kazi chini ya uangalizi, mitihani 6, na kwa wastani miaka kama 13 tangu mtu aingie chuoni! Kisha akienda California, nchi ya matetemeko ya ardhi, anakuta mtihani wa ziada unamsubiri, hata awe na leseni ya jimbo jingine.

Ulaya je? Pendekezo la kutambuana wasanifu liliwekwa mezani mwaka 1967. Likapita mwaka 1985! Lakini matunda yake ni matamu: leo mhitimu wa Lisbon mwenye sifa zilizoorodheshwa anasajiliwa Athens bila kufanya mtihani mpya wa taaluma.

Na Sweden? Hakuna sheria inayolinda cheo cha msanifu majengo. Ireland nayo haikuwa nayo hadi mwaka 2007.

Japani wana leseni 3 za usanifu, na mojawapo ni ya majengo ya mbao tu.

Sasa shika benchi vizuri. Le Corbusier hakuwa na shahada ya usanifu majengo. Hata moja! Mwaka 2016 UNESCO iliingiza kazi zake 17 katika orodha ya Urithi wa Dunia, nazo zimetawanyika katika nchi 7, kutoka Argentina hadi India na Japani. Tadao Ando wa Japani alikuwa bondia, akajifundisha mwenyewe, akatwaa Pritzker mwaka 1995.

Ninayempenda kuliko wote ni Francis Kéré. Kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, hakikuwa na shule, na mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kusomea useremala. Akaingia chuo kikuu Berlin, akachangisha fedha, na mwaka 2001 shule ya Gando ikasimama kwa udongo wa palepale na mikono ya wanakijiji. Shahada aliipata mwaka 2004. Umeona? Jengo lilitangulia cheti kwa miaka 3! Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker.

Umewahi kununua nyanya Kariakoo, Dar es Salaam? Paa lile la zege lenye umbo la miavuli ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Haifa, Israel. Soko lilifunguliwa mwaka 1975.

Kenya ina bodi ya usajili tangu mwaka 1934! Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi mwaka 1997. Rwanda ilianza kufundisha wasanifu nyumbani mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, kila aliyeitaka taaluma hii alifunga safari.

Na hii wengi hawaijui: tangu mwaka 2011 wasanifu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana makubaliano ya kutambuana. Kwa hiyo anayekuchorea nyumba Arusha anaweza kuwa alisajiliwa kwanza Nairobi au Kampala. Muulize namba yake ya usajili, kisha ihakiki kwenye bodi ya nchi unayojenga kabla hujalipia mchoro.