Lamu: Chakula pekee hakitoshi kuwaokoa paka wa mitaani

Wavuvi wanapoteremsha samaki ufuoni mwa mji wa kale wa Lamu, paka huwa wamekwisha kufika. Huketi kando wakingoja vichwa na matumbo ya samaki, kisha hurejea kulala barazani au kuzurura katika vichochoro visivyopitika kwa gari.

Paka hao wembamba wenye miguu mirefu ni sehemu ya sura ya mji huo, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001. Wapo wasimuliao kwamba asili yao ni Misri ya kale. Hata hivyo, sifa hiyo haiwashibishi. Wengi hawana mwenyewe, na si ajabu kumwona aliyekonda, mwenye jicho bovu au jeraha la kupigana.

Chanzo cha dhiki hiyo ni wingi wao. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 au 5, kabla hajakomaa. Mimba hudumu takriban siku 65, naye huzaa watoto wapatao 4. Huweza kushika mimba nyingine hali angali ananyonyesha.

Mahali Lamu ilipo huzidisha jambo hilo. Katika nchi za kaskazini, mchana unapokuwa mfupi wakati wa baridi, paka majike huacha kutafuta madume kwa miezi kadhaa. Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, ambako mchana hudumu karibu saa 12 mwaka mzima. Hivyo hakuna msimu wa mapumziko.

Jike anayezaa mara mbili kwa mwaka huleta watoto 8. Wengi hufa wachanga kwa njaa na maradhi, na waliosalia huanza kuzaa kabla ya mwaka kwisha.

Kuwapa chakula ni wema, lakini jike aliyeshiba ambaye hajafungwa kizazi huzaa zaidi. Kuwatilia sumu nako ni ukatili usioleta nafuu. Wachache wanaobaki hupata chakula tele, wageni huja kujaza nafasi, na baada ya muda idadi hurudi ilivyokuwa. Aidha, sumu haichagui: huweza kumuua mbuzi au kumdhuru mtoto. Tena wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala, na mapaa ya makuti ni makao mazuri ya panya.

Njia inayofaa ni kuwahasi. Paka hunaswa kwa mtego wa kizimba na kutiwa nusukaputi na daktari wa mifugo. Dume huondolewa korodani, kazi ya dakika chache. Jike hupasuliwa tumbo na kuondolewa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Hudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na ncha ya sikio hukatwa angali usingizini ili asinaswe tena. Akipata nafuu, hurudishwa alikotoka.

Dume aliyehasiwa hupunguza kupigana na kukojoa ovyo, naye jike huepukana na uchovu wa kuzaa mfululizo. Lakini kazi hii haitaki kusitasita. Iwapo hawajafikiwa takriban 7 kati ya kila 10, waliosalia hufidia pengo upesi.

Wapo Waislamu wenye shaka, wakihofia kuwa huko ni kubadili maumbile. Wanazuoni wamehitilafiana. Walioruhusu waliweka masharti: paka wawe wamezidi, na upasuaji usiwadhuru. Wote wanakubaliana kuhusu huruma, kwani Hadithi inasimulia juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Kwa hiyo masheikh wana nafasi kubwa katika suala hili kama walivyo madaktari.

Njia ya pili ni kuwachukua watoto wa paka na kuwafuga nyumbani. Wanaozoeshwa watu kabla ya kutimiza wiki 9 hivi hutulia. Paka mkubwa aliyezoea mtaa ni heri ahasiwe na kuachwa alipo. Anayemchukua paka ajue kwamba amebeba dhamana ya chakula, chanjo na kumhasi kabla hajatimiza miezi 5. Kumtupa baadaye ni kurudisha tatizo pale pale.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Lamu yenyewe ina mfano wa kuigwa: tangu mwaka 1987, wakati kituo cha kuwatibu punda kilipofunguliwa mjini humo kwa msaada wa wahisani kutoka Uingereza, wenye punda wamezoea kuwapeleka wanyama wao kwa daktari. Punda ana mwenyewe wa kumpeleka. Paka wa gatini hana, na ndiyo maana mzigo wake ni wa mji mzima.