Kabla hujauza shamba kwenda kutibiwa India

MKULIMA anayeuza mpunga hakubali bei ya kwanza anayotajiwa na mlanguzi. Huulizia bei ya Mbeya na Makambako, huangalia debe linalotumika kupimia, hukataa lumbesa. Lakini mkulima huyohuyo akiambiwa mgonjwa wake anahitaji upasuaji nje ya nchi, huchukua bei ya kwanza aliyoletewa na kuanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Ndivyo alivyofanya mjomba wangu wa Mbarali mwaka 2012, valvu ya moyo wake ilipoharibika. Dalali mmoja wa safari za matibabu alimtajia kiasi "cha kila kitu". Mjomba akauza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, pamoja na ekari 3. Walipofika India ikabainika kwamba kila kitu maana yake ni upasuaji tu. Vipimo vya awali, siku za ziada wodini, chumba na chakula cha mkewe aliyemsindikiza, vyote vilikuwa nje ya hesabu. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini zile ekari 3 leo anazikodi kila msimu kutoka kwa mtu aliyemuuzia.

"Mpwa wangu, niliona aibu kubishana bei juu ya uhai wangu," aliniambia.

Swali la kwanza ni kama safari yenyewe inahitajika. Mjomba alipougua, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikuwa haijaanzishwa. Ilianza mwaka 2015, na upasuaji wa valvu unafanyika hapohapo Dar es Salaam. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hata hivyo, vijijini bado watu hutamka "India" kana kwamba ni jina la dawa.

Daktari bingwa akishauri kwenda nje, tuma ripoti ileile kwa hospitali mbili au tatu na uombe makisio ya maandishi. Hospitali kubwa za Chennai, Delhi na Mumbai zina idara za wagonjwa wa kigeni, nazo hujibu barua pepe bila kupitia kwa dalali. Uliza makisio yamehesabu siku ngapi wodini na ngapi chumba cha uangalizi maalumu, na nani atalipa hali ikibadilika. Kisha piga hesabu ya kuishi. Wiki 6 ni usiku 42, kwa watu wawili, na bei iko kwa dola wakati mazao yako yanauzwa kwa shilingi. Hospitali yenye upasuaji nafuu kwenye jiji lenye vyumba ghali inaweza kukugharimu zaidi.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni ya baada ya kurudi. Valvu bandia ya chuma hudumu muda mrefu, lakini mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Ya tishu ya mnyama mara nyingi haidai dawa hiyo maisha yote, ila huchakaa mapema zaidi. Daktari ndiye anayeshauri, lakini mweleze unaishi umbali gani kutoka hospitali yenye kipimo hicho. Nauli ya kwenda kupima nayo ni bei ya valvu.

Kwa figo kuna jambo jingine. Sheria ya India ya mwaka 1994 imebana biashara ya viungo, hivyo Mtanzania huenda na ndugu yake wa kumchangia, akiwa na hati za kuthibitisha undugu, na kamati ndiyo inayotoa kibali. Maana yake msimu huo shamba linapoteza watu wawili, na pengine watatu ukimhesabu msindikizaji.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni kwamba uuze kwanza mazao yaliyo ghalani, kisha mifugo, na ardhi ikodishwe kabla ya kufikiria kuiuza. Mkataba wa misimu miwili au mitatu, ulioandikwa mbele ya mashahidi kwenye ofisi ya kijiji, hauleti fedha nyingi kama kuuza, lakini msimu wa nne unalima kwako.