Kenya: Mkono unapokutana na mtambo katika kiwanda cha chai

Nchini Kenya, wakulima wadogo zaidi ya 600,000 hupeleka majani mabichi ya chai katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Majani hayo huchumwa kwa mkono, kisha hupimwa katika vituo vya ununuzi kwa mizani ya kielektroniki, na kilo zake huingizwa katika akaunti ya mkulima. Hapo ndipo kazi ya mkono inapokabidhiwa kwa programu ya kompyuta.

Kiwandani, majani hunyaushwa kwa takriban saa 12 hadi 18, hukatwakatwa kwa mashine, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa hadi unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Mtambo huweza kudhibiti joto wenyewe, lakini rangi na harufu ya chai inayochachuka bado huhitaji jicho na pua ya mtu mzoefu. Kwa sababu hiyo, programu iliyoundwa vyema haitegemei saa peke yake. Humsubiri mtu huyo athibitishe, ndipo iruhusu hatua inayofuata.

Kwa kawaida, kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai. Kulinganisha takwimu hizo mbili hufichua majani yaliyopotea njiani au mizani iliyokosea. Kumbukumbu ikikatika baina ya mkono na mtambo, ulinganisho huo hauwezekani, na anayeumia ni mkulima: malipo yake ya kila mwezi na bonasi ya mwaka hutegemea kilo zilizoandikwa kwa jina lake.