Foleni Ndani ya Swichi: Nani Atangulie Mtandaoni?

Neno foleni, ambalo huhusishwa na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstarini, limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena lilikotoka. Mwanafunzi hulikuta kwenye kituo cha matatu, kwenye benki siku ya kulipa karo, na hususan kwenye ofisi ya usajili mwanzoni mwa muhula. Ipo hata hivyo foleni nyingine ambayo mwanafunzi huyo hupangwa kila anapofungua tarakilishi, naye asiione. Hiyo ni foleni iliyo ndani ya swichi, yaani kifaa kinachoziunganisha tarakilishi na simu za jengo moja na kuupitisha ujumbe kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Foleni hiyo hudumu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Pamoja na ufupi wake, ndiyo inayoamua iwapo sauti ya mhadhiri anayefundisha akiwa mbali itasikika au itakatikakatika.

Chanzo cha foleni ni hesabu nyepesi. Chukua swichi yenye milango 24, kila mmoja ukipitisha megabiti 100 kwa sekunde, na mlango mmoja wa kutokea unaopitisha megabiti 1000. Milango yote 24 ikitumwa kwa wakati mmoja kuelekea nje, megabiti 2400 zitagombea njia ya 1000. Ziada hiyo husubiri katika kumbukumbu ya swichi, na kumbukumbu ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa.

Wengi hudhani kwamba foleni huanza pale tu njia inapojaa. Sivyo. A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuichunguza hisabati ya foleni katika chapisho lake la mwaka 1909, na elimu iliyofuata imeonyesha jambo la kushangaza. Katika foleni ya kawaida, ambamo wateja huja kwa nasibu na muda wa kumhudumia kila mmoja hutofautiana vivyo hivyo, njia ikitumika kwa asilimia 50, wastani wa muda wa kupita huwa maradufu ya muda wa huduma yenyewe. Ikifika asilimia 90 muda huo huwa mara 10, na kwa asilimia 95 huwa mara 20. Ndiyo maana msimamizi wa mtandao huweza kuapa kuwa njia haijajaa ilhali watumiaji wanalalamika, na pande zote mbili zikawa zinasema kweli.

Sasa, si kila pakiti huumizwa na kungoja kwa kiwango kimoja. Simu inayopitia mtandaoni kwa mtindo uitwao G.711 hutuma pakiti moja kila milisekunde 20. Pakiti hiyo hubeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo mengine. Jumla yake ni kilobiti 80 tu kwa sekunde. Ni mzigo mdogo, ila hauvumilii kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, linapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni. Kwa upande mwingine, anayepakua filamu hajali ikiwa pakiti fulani imechelewa kwa nusu sekunde, lakini kazi yake humeza kila nafasi inayopatikana, kwani kanuni ya TCP huongeza mwendo hadi pakiti zianze kupotea. Kwenye njia ya megabiti 2 kwa sekunde, pakiti ya baiti 1500 huchukua milisekunde 6 kutoka. Pakiti 10 za filamu zikitangulia mbele ya sauti, milisekunde 60 zimekwisha kuliwa kabla neno halijatoka chumbani.

Dawa ni kuzitenga foleni. Kila pakiti hubandikwa alama ya daraja lake. Kwa kanuni ya 802.1Q alama hiyo huchukua biti 3, hivyo kuna madaraja 8, kuanzia 0 hadi 7. Katika kichwa cha pakiti ya intaneti yenyewe, utaratibu uliotangazwa mwaka 1998 umetenga biti 6 zenye uwezekano wa thamani 64, na sauti kwa kawaida hupewa 46. Alama peke yake haiharakishi chochote, kwa kuwa ni dai tu. Na dai hilo huandikwa na kifaa kilichotuma, ambacho huweza kuwa simu ya ofisini au tarakilishi ya mwanafunzi mjanja aliyegundua kwamba filamu yake ikivaa alama ya sauti itapita haraka. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi si la kasi bali ni la uaminifu: ni mlango upi utakaosadikiwa, na upi utakaofutiwa alama zake ukaanza upya na sifuri?

Baada ya hapo ndipo swichi huchagua zamu. Njia mojawapo ni kipaumbele kamili, ambapo foleni ya juu ikiwa na pakiti hata moja, nyingine zote hungoja. Njia hii huifaa sauti, lakini foleni ya juu ikipewa mzigo mkubwa, zilizo chini hufa njaa. Njia ya pili ni zamu kwa mizani. Foleni nne zenye mizani ya 10, 20, 30 na 40 hugawana njia kwa uwiano huo, na isiyo na kitu cha kutuma huwaachia wenzake fungu lake.

Katika kusanidi ndimo watu huteleza. Swichi za Catalyst 2960 za kampuni ya Cisco ni mfano mzuri. Zina foleni 4 za kutokea kwa kila mlango, na mpango mzima huwashwa kwa amri ya mls qos. Msimamizi akiiandika hiyo na kwenda zake akidhani amemaliza, huwa ameharibu zaidi ya alivyotengeneza, maana kuanzia hapo swichi haiuamini mlango wowote na alama zote zinazoingia hufutwa. Ni lazima aongeze mls qos trust kwenye milango anayoisadiki. Mtego wa pili umejificha zaidi. Foleni ya 1, ambamo pakiti za daraja la 5 huelekezwa bila kuagizwa, huwekewa kikomo cha sehemu 1 ya 25 ya mlango, yaani megabiti 4 katika mlango wa megabiti 100. Hizo zinatosha simu kadhaa, ila video iliyopewa daraja hilohilo hukwama hata kama mlango mzima ni mtupu. Amri ya priority-queue out hukiondoa kikomo hicho na kuipa foleni ya 1 kipaumbele kamili. Hapo hatari ya njaa hurudi, na usalama hubaki mikononi mwa kile kilichoruhusiwa kuvaa daraja la 5.

Isisahaulike kwamba kazi hii yote haiongezi hata biti moja ya upana wa njia. Anayesogezwa mbele husogezwa kwa gharama ya mwingine. Tena swichi hutawala kile kinachotoka kwenye milango yake tu. Pakiti zinazotoka nje ya chuo kuja ndani hupangwa foleni upande wa mtoa huduma, na zikifika chuoni zimekwisha kungoja. Wala foleni haipunguzi umbali. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka kwa ishara kulichukua takriban milisekunde 240, hivyo kipimo cha 150 kilivunjwa kabla ya foleni yoyote kuhesabiwa.

Mipango ikikamilika, swichi huhesabu pakiti zilizotupwa katika kila foleni. Hesabu hizo husomwa saa za msongamano, mathalani wiki ya usajili, kwa sababu usiku wa likizo kila mpango huonekana kufaa. Zikipanda katika foleni ya sauti, ama mizani haitoshi au kuna asiyestahili aliyeingia humo. Na njia ya haraka ya kujua ni kuangalia ni mlango upi unaotuma alama ya 5 bila kuwa na simu.