Washa Swichi Moja, Usizime Nyingine

Mashine nyingi za viwandani siku hizi zinaongozwa na chipu yenye programu. Ndani yake mna rejista, kwa mfano safu ya swichi 8, namba 0 hadi 7. Thamani zake ni 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Ya namba 5 ni 32.

Tuseme namba 5 ni mota, namba 2 ni kengele ya hatari. Katika chipu ya ATmega328P, fundi akiandika kwa lugha ya C:

PORTB = 32;

mota itazunguka, lakini swichi nyingine zote zitazimwa, kengele pia. Mwenzetu ataumia bila kuonywa.

Njia sahihi:

PORTB |= 32;

Hii huwasha namba 5 tu. Nyingine hubaki zilivyokuwa. Kuizima:

PORTB &= ~32;

Kamati za viwanda Kampala, programu ikibadilishwa, daini kengele ijaribiwe mota ikizunguka, kabla ya zamu kuanza.